Harufu Niliyoinyamazia Kwenye Redio ya Baba Mkwe

Nichekeni mpaka mbavu ziume, sitanuna, maana Kyela nzima ilishanicheka na hamna kicheko kipya cha kunitolea ambacho sijakisikia sokoni, kanisani na hata msibani (naam, msibani, watu wamekaa na huzuni zao lakini nikiingia mimi nyuso zinafichwa kwenye kanga na mabega yanatikisika). Mimi ndiye yule mkamwana wa Busale aliyembeba baba mkwe wake mgongoni, mchana kweupe, mwenyewe amebaki na shimizi, mbele ya mchungaji na wageni waliovuka mpaka. Hiyo ndiyo sehemu wanayoisimulia watu. Iko sehemu nyingine ambayo hawaijui, au wanaijua nusu nusu, na hiyo ndiyo inayonitia aibu mpaka leo nikiwa peke yangu naosha vyombo.

Tuanze na duka. Miaka ile ilikuwa ya ruksa, milango ya biashara imefunguliwa, na sisi watu wa Kyela tulikuwa mlangoni kabisa kwa sababu Kasumulu, pale mpakani, ni pua na mdomo na ng'ambo, kwa hiyo kila kitu kilipita kwetu, mitumba, baiskeli, betri, redio kaseti zenye spika mbili zinazong'aa kuliko zinavyolia. Mume wangu, baba Lusajo, alikuwa hamalizi wiki bila kuvuka mpaka kwenda Karonga kutafuta spea, na mimi nilibaki dukani na kazi yenyewe, maana fundi wa nyumba ile nilikuwa mimi. Ndiyo, mwanamke. Nilifundishwa na marehemu mjomba wangu kule Tukuyu, nikiwa binti, na mpaka naolewa nilikuwa naweza kufungua redio na kuifunga bila kubakiza skrubu mkononi. Wateja wakija walikuwa wananiuliza, "Fundi yuko wapi?" na mimi nawajibu, "Anakuangalia," na wengine waligeuka wakaondoka na redio zao. Kwa hiyo muelewe tangu mwanzo kwamba nilikuwa na kiburi cha mtu anayedharauliwa kila siku, na kiburi cha namna hiyo ni kibaya kuliko cha tajiri.

Mjomba alikuwa mkali sana kwa vitu vya zamani. Redio mpya, alikuwa akisema, ikiharibika imeharibika tu, lakini hizi za mbao, za valvu, zile kubwa kama kabati la vyombo, zina sumu zake humo ndani na ukizidharau zinakuumiza. Ukichomelea nyaya kwa risasi usishike ndizi kabla hujanawa. Kapasita inayovuja mafuta usiipanguse kwa kidole. Na kulikuwa na kifaa kimoja alichonionyesha kwa fimbo, hakukigusa, mabamba madogo ya chuma yamepangwa kwenye msumari kama sahani kwenye rafu, kazi yake ni kugeuza umeme, yamepakwa madini yanayoitwa seleniamu. "Hivi visahani vikizeeka vinaanza kunuka," aliniambia, "kama kitunguu saumu kilichooza, au kabichi iliyooza. Ukisikia harufu hiyo, Tumpe, usibishane nayo. Ng'oa, fukia mbali na kisima, weka dayodi, inafanya kazi hiyo hiyo. Vikiungua mtu yuko chumbani, moshi wake unaua kifua." Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nililishika somo kama sala.

Sasa, jambo la pili mnalotakiwa kulijua, hasa ninyi mliooa na kuolewa kwingine. Kwetu Unyakyusa mke wa mwana, ndiye mkamwana, anamkwepa baba mkwe wake. Tunaita kutila. Hamkutani njiani, ukimwona anakuja unaingia migombani mpaka apite. Huingii chumba alichomo, humsemeshi, humtazami, jina lake hulitamki (na silitamki hata leo, mtaniwia radhi, nitamwita Mzee). Mjini wengi walishaanza kulegeza, lakini Mzee wetu alikuwa mtu wa Busale wa kale, na mimi nilitaka sifa ya mkwe mwenye adabu, basi tukatilana vizuri miaka minane. Nikiwa na neno namwambia mama mkwe, mama mkwe anampelekea. Yeye akiwa na neno, njia ni hiyo hiyo. Ilikuwa kama posta, na niseme ukweli, barua hazikuwahi kupotea.

Basi siku moja ya Jumatano, mvua zile za masika ambazo Kyela hazijui kupumzika, namwona mama mkwe anashuka kwenye baiskeli ya jirani, kichwani kanga, na nyuma kwenye keria kuna kitu kimefungwa kwa turubai na kamba kama maiti.

"Ugonile, mama Lusajo."

"Ugonile, mama. Karibu, mbona umelowa hivyo?"

"Usiniangalie mimi. Angalia huyu," akasema, akapiga turubai kofi. Ilikuwa redio ya Mzee.

Redio ile niliijua kwa sifa tu, kwa sababu ilikuwa inakaa sebuleni na sebuleni siingii. Mzee aliinunua ujanani alipokuwa migodini kusini, akarudi nayo kwa meli na kwa miguu, na tangu hapo ilikaa mezani imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa sababu Busale umeme hakuna. Na kutoka huko migodini hakurudi na redio tu, alirudi na kifua. Vumbi la mawe lilikuwa limemkaa ndani, akipanda mlima kidogo unasikia anapiga filimbi. Kila mtu wa nyumba ile alijua kwamba Mzee hakai karibu na moto wa kuni, na mama mkwe alikuwa akikaanga pilipili anafunga kwanza mlango wa sebule. Nawaambia haya ili msije mkasema sikujua.

"Wenzake watatu wa migodini wanakuja Jumapili," mama mkwe akasema. "Wanatoka ng'ambo. Hawajaonana miaka ishirini na ngapi sijui. Mchungaji atatuazima jenereta ya kanisa. Mzee anataka wakae wasikilize redio kama walivyokuwa wakikaa kule." Halafu akasogea karibu, akapunguza sauti kama anayetoa siri. "Amesema nikuletee wewe. Nilimwambia kuna fundi wa stendi, akasema hapana, mkamwana wangu ndiye fundi."

Jamani. Miaka minane nakwepa migombani, nalowa umande, sijawahi hata kujua kama anajua nafanya kazi gani, kumbe anajua. Nilishukuru, "ndaga fijo", mara tatu, utafikiri nimepewa ng'ombe.

Nikaifungua. Vumbi la miaka, kiota cha panya, lakini mbao safi na valvu zote nzima. Nilijifunga kitambaa mdomoni, nikapangusa kwa brashi nje barazani, nikabadilisha kapasita zilizovimba kwa zile nilizokuwa nazo, nikanawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, yaani mjomba angeniona angelia kwa furaha. Waya wa umeme ulikuwa umeliwa, nikaweka mwingine. Na pale pembeni ya chasisi, ile fremu ya chuma ya ndani, nikaviona vile visahani, vimekaa kwenye msumari wake, rangi imebanduka.

Ijumaa asubuhi nikaiwasha kwa umeme wa dukani. Ikakoroma, ikapiga mluzi, halafu, mwe, ikatoa sauti nzito nzuri ya mtu anayesoma taarifa ya habari, sauti imejaa mpaka watu wa duka la nguo wakaja kuangalia. Jirani yangu mmoja mwenye asili ya pwani, muuza vitambaa, akaniambia, "Shoga, hapa umefufua." Nikacheka nikajikunyata kwa raha. Ikalia dakika kumi, kumi na tano. Na watu walipoondoka, nilipoinama kuizima, nikaisikia.

Harufu ndogo tu. Kitunguu saumu kilichooza.

Nikagusa karibu ya vile visahani, pana joto kuliko inavyotakiwa. Nikajua. Sikukisia, nilijua, na sauti ya mjomba niliisikia kabisa. Dayodi dukani zilikuwa zimeisha, baba Lusajo alikuwa amekwenda Karonga kuzifuata hizo hizo na vitu vingine, na kurudi kwake ni Jumatatu. Fundi wa stendi alikuwa nazo. Hatua mia mbili tu kutoka dukani kwangu. Lakini kwenda kwa fundi wa stendi kumwomba dayodi ya redio ya baba mkwe, yule aliyekuwa akiniita "fundi wa mwiko", wakati Mzee mwenyewe alishasema fundi ni mimi? Nikasimama pale na kiburi changu. Nikajisemea, hivi visahani vimekaa miaka thelathini, vishindwe kukaa Jumapili moja? Jumatatu baba Lusajo akirudi nitaomba redio iletwe tena, niseme naiongezea kitu, niving'oe kimya kimya.

Mama mkwe akaja jioni ya Ijumaa ile ile na baiskeli ya jirani.

"Imepona?"

Hapa ndipo. Kama kuna mahali ningepewa nirudi maishani ni pale kwenye mlango wa duka, mama mkwe ana matone ya mvua kwenye nyusi. Ningesema tu, mama, imepona lakini kuna kitu ndani kimezeeka, isiwashwe muda mrefu, madirisha yawe wazi, na ikianza kunuka izimwe watu watoke nje, Mzee wa kwanza. Maneno hayo hayajazi hata kiganja. Lakini niliona jinsi atakavyouliza, "Kwa hiyo haijapona?" na jinsi atakavyompelekea Mzee hivyo hivyo, na Mzee atawaza, kumbe ningempa fundi wa stendi.

"Imepona kabisa, mama," nikasema. Tukaifunga kwa turubai.

Jumapili nilifika Busale mapema, nikazunguka kwa nyuma kupitia migombani kama kawaida yangu, nikajiunga na wanawake jikoni. Mvua ilikuwa inapiga bati. Tulikuwa tumepika wali, mbasa wa ziwani na ndizi za nyama, kelele na vicheko, na mimi ndiye bibi harusi wa siku ile, kila anayeingia anasema, "Tumesikia wewe ndiye uliyeitengeneza!" na mimi natikisa mkono, ah, kawaida tu. Jenereta ilikuwa chini ya kibanda cha kuku, inanguruma. Sebuleni walikuwemo Mzee, wenzake watatu, na Mchungaji. Mlango umerudishwa na madirisha yamefungwa, kwa sababu ya mvua, na kwa sababu Mzee alitaka wasikie vizuri.

Redio ikalia. Sauti ikavuka ukuta ikaja mpaka jikoni, na wale wazee nikawasikia wanapiga makofi, mmoja anacheka huku analia, wanatajana majina ya zamani, wanazungumza ile lugha ya migodini iliyochanganyika. Mama mkwe alisimama na mwiko mkononi, machozi yanamtoka. Nilijisikia mtu. Kwa muda kama wa kupakua sufuria moja nilisahau kabisa kwamba kulikuwa na harufu yoyote duniani.

Halafu Mchungaji akatoka, akaenda kwenye jenereta yake. Alisema taa ya redio inafifia, anaiongeza nguvu kidogo. (Mchungaji alikuwa mtu mwema sana, ila vitu vya umeme alivitendea kama roho chafu, kwa nguvu.) Jenereta ikabadilisha mlio, ikapaa. Redio sebuleni ikapiga kelele kubwa, watu wakashangilia. Mimi nikaacha kupakua.

Nikahesabu pumzi. Na harufu ikaja. Safari hii haikuwa ndogo, ilikuja kama mtu amefunua pipa la kabichi zilizooza na kumwagia kitunguu saumu, ikapita chini ya mlango, ikaja mpaka jikoni kwenye moshi wetu wa kuni ikaushinda. Wanawake wakaziba pua. Mmoja akasema, "Mwe! Nani amefanya hivi mbele ya chakula?" wakaangua kicheko.

"Zimeni jenereta!" nikapiga kelele. "Zimeni! Huo moshi ni sumu!"

Nani anaelewa sumu? Mchungaji alihangaika na kifaa cha kuzimia, akakosea, akaichochea zaidi, ndipo ikazima. Mlango wa sebule ukafunguka kwa kishindo, wazee wa ng'ambo wakatoka mmoja mmoja, wanakohoa, macho mekundu, wa mwisho akakanyaga sahani ya mbasa tuliyokuwa tumeiandaa barazani, akaanguka. Watu wakacheka. Moshi ukatoka nyuma yao, mwembamba, wa rangi ya maziwa machafu. Nikasubiri mtu wa nne.

Mzee hakutoka.

Kumbe alikuwa amekwenda kwenye redio yake. Alikuwa anajaribu kuifunika na koti lake kuzima moto, moto wenyewe hakuna, ni moshi tu, na yeye na kifua kile ameinamia juu yake. Tukasikia anakohoa, kisha tukasikia hakohoi. Jirani mmoja akachota ndoo ya maji akitaka kumwaga ndani, alipopita karibu yangu nikamkamata mkono, maji yangezidisha ile sumu. Mwingine akaingia hatua mbili akarudi anatapika. Na mimi, ninayejua kile ni kitu gani, ninayejua kila pumzi ni ya nini, nilikuwa nimesimama kwenye kona ya jikoni, nimejibanza ukutani, kwa sababu mle ndani alikuwemo baba mkwe wangu.

Nilisimama. Sijui muda gani. Mama mkwe anasema ni muda mfupi tu, lakini mama mkwe ana huruma. Nilisimama muda wa kutosha kuwaza kwamba labda mwanamume mwingine ataingia. Niliwaza pia, na hili sijawahi kumwambia mtu, kwamba nikiingia mimi watajua nilijua.

Ndipo nikavua kitenge, nikakichovya kwenye ndoo ya yule jirani, nikajizungushia usoni, nikaingia. Nyuma yangu nikasikia wanawake wote kwa pamoja, "Mweee!" kama wameona mtu anaruka kwenye mto. Ndani sikuona kitu. Nikamkanyaga. Alikuwa amelala chini kando ya meza, koti liko juu ya redio. Nikamshika kwapani nikavuta, miguu yake ikanasa kwenye meza, nikavuta tena, mwisho nikapiga magoti nikamrusha mgongoni kama ninavyomrusha mtoto, na alikuwa mwepesi, jamani, alikuwa mwepesi kuliko gunia la mpunga, nikatoka naye.

Barazani kulikuwa na mbasa. Nadhani mnaelewa kilichotokea. Nikateleza, tukashuka ngazi mbili mimi na baba mkwe, tukaenda kuangukia kwenye tope la mvua, yeye juu yangu, kofia yake huko, kitenge changu huko, mimi na shimizi yangu ya bluu yenye kiraka, na wageni watatu wa heshima wamesimama wanatutazama. Wanawake wakafunika macho. Mchungaji alianza kuomba kwa sauti. Bibi mmoja wa jirani akaangua kicheko, akashindwa kujizuia, akaketi chini kabisa, na kicheko kile ndicho kilichokwenda mpaka sokoni Kyela kabla sisi wenyewe hatujafika.

Mimi sikucheka wala sikulia. Nilimgeuza nikaweka sikio mdomoni kwake, nikasikia ile filimbi, ndogo, ya mbali. Yu hai.

Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya kubebea mpunga, amelazwa kwenye magunia, mama mkwe amemshika kichwa, na mimi nimepanda mbele na dereva, nimegeuza uso dirishani, kwa sababu hata pale bado nilikuwa namtila. Fikirieni. Nimetoka kumbeba mgongoni na bado nageuza uso.

Hospitalini wakamwekea hewa. Daktari, kijana mmoja mtulivu, akatoka akasimama mlangoni mwa wodi, sisi tumejipanga kwenye benchi, mlango uko wazi, Mzee yuko kitanda cha kwanza ameegemezwa mito.

"Amevuta moshi wa nini? Nani anajua kilichoungua?"

Mama mkwe akanitazama. Wazee wa ng'ambo wakanitazama. Nikanyanyuka, nikajibu nikiangalia sakafu, nikamtajia madini yale, nikamweleza visahani.

"Vilikuwa vipya au vilikuwa na dalili? Vilinuka kabla?"

Ningeweza kusema hapana. Nani angejua? Redio ilikuwa imekwisha, mjomba yuko kaburini. Lakini yule daktari alikuwa anataka kujua amtibu vipi, na kifua kilichokuwa kinahangaika kilikuwa cha mtu aliyesema fundi ni mimi.

"Vilinuka Ijumaa," nikasema. "Dukani. Nilijua vitaungua, sikujua lini."

Kitandani kitu kikasogea. Mzee alikuwa ameondoa ile barakoa ya hewa mdomoni. Akaongea, na katika miaka minane ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kunijia mimi mwenyewe moja kwa moja, imekwaruza, kila neno analilipia.

"Mwanangu. Ulijua?"

Nikajibu nikiwa nimempa mgongo. "Nilijua, baba."

"Mbona hukuniambia?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikakimbilia kujificha pale pale nilipozoea. "Nilikuwa nakutila, baba. Nisingeweza kukusemesha."

Akavuta pumzi, akavuta nyingine. Hakuwa na hasira, ningeshukuru angekuwa na hasira. Aliuliza kama mtu ambaye kweli anataka kuelewa.

"Si ungemwambia mama yako?"

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi, hatua moja kutoka nilipo, mikono mapajani, ile kanga yake bado ina tope. Hakuinua uso.

Mzee hakufa. Aliishi baada ya hapo, lakini kifua hakikurudi hata pale kilipokuwa, na masika yote yaliyofuata alilala ameketi, mito mgongoni, mama mkwe anamshikilia kikombe. Wenzake wa ng'ambo hawakurudi tena kuonana naye. Familia walikaa kikao, akachinjwa jogoo kuondoa ile aibu ya kugusana, wakasema yamekwisha, na mimi nikarudi kumkwepa kama zamani kwa sababu yeye mwenyewe alitaka hivyo. Sokoni waliniita Mama Mbeba Mkwe, wakanicheka vizuri, na niliwaacha, kwa sababu afadhali wanicheke kwa shimizi kuliko waulize kuhusu ile harufu ya Ijumaa.

Siku hizi mtu akiniletea redio ya zamani namkalisha kwenye stuli, namfungulia mgongo wa redio yake, namwonyesha kwa bisibisi, hiki kina sumu, hiki kinavuja, hiki leo sina cha kubadilisha, nenda kwa fundi wa stendi anacho. Akiwa mzee wa ukoo wa mume wangu ninayetakiwa kumtila, namwita mkewe nimweleze yeye, na namrudisha mkewe barabarani kama ameondoka kabla sijamaliza. Wateja wengine wanasema nina maneno mengi na wanakwenda kwingine. Waende. Na Mzee alipokuwa bado hai, nikipeleka chakula Busale nilikuwa napita kwa nyuma, migombani, na kila nilipofika pale karibu na kisima nilimsikia ndani ya nyumba anakohoa, nikasimama mpaka amalize, ndipo nikaendelea kwenda jikoni.